Ka ya Kambale, Mu ya Mususa

Nilianza darasa la kwanza Butembo, mashariki mwa Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kufika Krismasi nilikuwa nasoma ubao mzima bila kukosea. Mwalimu aliweka fimbo chini ya ba, nasi tukaimba: ba, be, bi, bo, bu. Fimbo ikashuka mstari, tukaimba da, de, di, do, du, kwa nguvu zote, hata mvua juu ya mabati haikutushinda. Siku moja mama alipita na kapu lake la maharage akielekea sokoni, akasimama barabarani kutusikiliza. Jioni alimwambia jirani kwamba mtoto wake sasa anajua kusoma.

Ndiyo maana barua ya shangazi ilipofika kutoka Beni, mama hakuipeleka kwa jirani kama kawaida. Alinipa mimi. Niliifungua. Herufi zilikuwa zimelala ubavu na kushikana mikono, hapakuwa na fimbo ya kunionyesha pa kuanzia, wala mtu wa kuanzisha wimbo. Nikamtazama mama usoni, nikaanza "kusoma": shangazi anawasalimu wote, watoto ni wazima, mvua inanyesha. Mama aliitikia kila neno. Juma lililofuata shangazi alishuka kwenye lori saa kumi na mbili jioni, mtoto mgongoni na mifuko miwili mkononi, asimwone mtu wa kumpokea. Siku na saa ya kufika kwake alikuwa ameziandika katika ile barua.

Hadi leo nikipita karibu na shule na kusikia darasa likiimba silabi, nasimama kama mama alivyosimama. Ila mimi nasimama kwa wasiwasi.

Kuimba ubao ni jambo zuri. Kunaamsha darasa asubuhi, na Butembo, mji ulio karibu kabisa na ikweta lakini juu milimani, asubuhi ni baridi na ukungu. Tatizo ni kwamba sikio la mtoto ni jepesi kuliko jicho lake. Akisikia mstari mara tatu anaushika, na tangu hapo macho yanaweza kutazama dirisha huku mdomo ukiendelea. Mwalimu anayetaka kujua ukweli hana haja ya mtihani. Anafunika mstari kwa kiganja, anaacha bo peke yake, anamuuliza mtoto mmoja. Au anaanzia mwisho wa mstari kurudi nyuma. Nimewahi kuona darasa lililokuwa likinguruma likanyamaza ghafla kwa sababu fimbo imeruka kutoka da kwenda bu.

Benki ya Dunia imekadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 nchini Kongo wanafika umri wa miaka kumi bila kuweza kusoma na kuelewa maandishi mepesi ya rika lao. Watu wakiisikia namba hiyo huzungumza juu ya serikali, mishahara na vita, na wako sahihi. Mimi nataka kuzungumza juu ya dakika kumi za kila asubuhi, kwa sababu hizo ziko mikononi mwa mwalimu hata siku ambayo mengine yote yamemponyoka.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo mtoto wa huku anapobeba mzigo usioonekana. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kinande, lugha yetu sisi Wanande, hakimo. Kwa hiyo mtoto wa vijiji vya Lubero, au wa vilima vinavyouzunguka mji wa Butembo, anaamka na Kinande, anafika shuleni akakuta Kiswahili ubaoni, na kabla Kiswahili hakijatulia kichwani kinaingia Kifaransa, ambacho ndicho atakachofanyia mtihani wa kumaliza darasa la sita. Nchi yenyewe imeyumba katika jambo hili. Mwaka 1962 Kifaransa kilifanywa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Katika miaka ya 1970 lugha za taifa zikarudishwa kwenye madarasa ya mwanzo. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema Kifaransa ndicho lugha ya elimu, na papo hapo inazipa nafasi lugha za taifa na lugha za mahali. Mwalimu anaachiwa apime mwenyewe. Wazazi wengi wa mjini wamekwisha kupima kwa niaba yake: wanapeleka watoto katika shule za binafsi zinazojivunia Kifaransa tangu chekechea.

Siwalaumu. Hata hivyo kusoma ni ufundi ambao mtu anaupata mara moja. Akishajua kwamba alama iliyoandikwa ni sauti, na kwamba sauti zikiunganishwa zinatoa neno analolijua, ufundi huo anauhamisha kwenda lugha yoyote. Kiswahili ni mlango mwepesi wa kupitia: irabu tano, na kila herufi inatamkwa inavyoandikwa. Mtoto anayeanza na Kifaransa anakutana na sauti moja ya "o" inayoandikwa kwa njia tatu nne, katika maneno ambayo hajawahi kuyasikia mdomoni mwa mama yake. Anakariri, maana hana njia nyingine.

Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, nchini Uganda, wamefanya tofauti. Wakonzo wa Kasese ni ndugu zetu kwa damu na kwa lugha. Binti anayeitwa Kavugho Butembo anaitwa Kabugho kule. Mwaka 2007 Uganda ilileta mtaala unaomwanzisha mtoto kwa lugha ya eneo lake hadi darasa la tatu, na baadaye Lhukonzo ikawa miongoni mwa lugha 12 zilizotengenezewa vitabu vya kujifunzia kusoma. Wanaovuka mpaka wa Kasindi kila siku na mizigo ya biashara wanaweza kuviona. Huku kwetu Kinande kina wasomi wake. Philip Ngessimo Mutaka na Kambale Kavutirwaki wametuachia kamusi ya Kinande na Kifaransa. Kazi ya kuipeleka lugha hiyo kwenye dawati la darasa la kwanza bado inatungoja.

Wakati tunangoja, Kinande tayari kimo darasani, na mwalimu anacho mkononi kila asubuhi. Ni daftari la mahudhurio.

Wanande tunawapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Kwa wasichana kuna Masika, Katungu, Kavira, Kavugho, na Kahindo ni yule aliyegeuza mfululizo, msichana aliyekuja baada ya wavulana. Soma majina hayo kwa sauti. Nusu ya darasa inaanza na silabi moja: ka. Mwalimu wa mji mwingine angetafuta picha ya kabati kufundisha silabi hiyo. Wa Butembo ana watoto ishirini walioketi mbele yake ambao kila mmoja ana ka yake mwenyewe, anaipenda, na yuko tayari kuipigania. Andika Kambale, Kakule na Kavira ubaoni, mwambie kila mmoja aje aweke kidole penye kipande chake na penye kipande cha mwenzake. Mtoto akigundua kwamba jina lake na la yule anayemchokoza dawatini yanaanza na mchoro uleule, amekwisha kuanza kusoma. Hakuna aliyemwimbisha.

Baada ya majina kuna mitaa. Butembo ina komini nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Beni, zaidi ya kilomita 50 kaskazini kwa barabara ya taifa namba 2, inazo Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Ki-me-mi. Mu-su-sa. Kana kwamba mtu aliyepanga somo la kwanza ndiye aliyeipa mitaa hii majina. Mtoto anaposoma Mususa anajua alipo au alipotoka jana. Maana inafika pamoja na sauti, haisubiri tafsiri. Na akitoka nje ya lango la shule anakuta majina hayo kwenye vibao vya makanisa na zahanati, yakimsubiri ayasome tena bila mwalimu.

Najua pingamizi. Darasa lina watoto sitini, sabini, pengine zaidi. Katiba iliahidi katika ibara ya 43 kwamba elimu ya msingi katika shule za umma itakuwa bure, na ilikuwa Septemba 2019 tu ahadi hiyo ilipoanza kutekelezwa. Kabla ya hapo, tangu 1992, wazazi ndio waliokuwa wakimlipa mwalimu kwa mchango ulioitwa prime, na mtoto ambaye nyumbani hawakuwa nayo alifukuzwa katikati ya somo. Wengi wetu tunakumbuka njia ya kurudi nyumbani asubuhi, kaye, yaani daftari, chini ya kwapa, wenzako wakibaki ndani. Kwa hiyo sitakubali mtu aseme elimu bila malipo ilikuwa kosa. Ilileta watoto waliostahili kuwepo. Haikuleta madawati, wala haikuleta mishahara kwa walimu wote. Wapo wanaofundisha miaka na miaka wakiwa katika orodha ya "nouvelles unités", wapya ambao bado hawajaingizwa kwenye malipo, na "non payés", wasiolipwa, majina ambayo kila familia ya mwalimu huku inayajua. Septemba 2024 mwaka wa shule ulianza kwa mgomo katika majimbo mengi.

Mwalimu wangu wa darasa la pili alikuwa na watoto karibu sitini na hakuwa na kitabu hata kimoja cha kutugawia. Nyuma ya daftari lake la mahudhurio alichora safu sita, moja kwa kila siku ya shule, Jumatatu hadi Jumamosi, na katika kila safu akaandika majina kumi. Mimi nilikuwa wa Jumatano. Wakati wengine wakinakili sentensi, wale kumi wa siku hiyo walipita mezani kwake mmojammoja, dakika moja kila mtu. Hakuuliza mengi. Alikuandikia maneno mawili au matatu kwa chaki kwenye ardwazi, kile kibao cheusi cha mkononi, ukayasoma kwa kidole chini ya neno, yeye akaweka alama ndogo: nukta kama umesoma, mstari kama umekwama, na kando ya mstari aliandika silabi iliyokukwamisha. Jumatano yangu ya kwanza niliondoka na mistari mitatu. Alinitazama, hakunikemea, akasema, "Wewe unaimba vizuri." Nilielewa alichomaanisha. Nadhani hata mama angeelewa.

Kumi kwa siku, siku sita, watoto sitini. Hesabu hiyo naijua kwa sababu niliihesabu nikiwa mtu mzima, nikashangaa jinsi ilivyo ndogo. Dakika moja kwa juma kwa kila mtoto haionekani kitu. Lakini katika shule nyingi nilizopita, kuna mtoto anayemaliza mwaka mzima bila kusoma neno moja peke yake mbele ya mtu anayemsikiliza. Anasoma pamoja na sauti sitini, na kukosea kwake kunamezwa na sauti hizo.

Muda uliobaki alitumia ardwazi kwa njia ambayo walimu wa nchi zinazotumia Kifaransa wanaijua kwa jina la La Martinière, shule ya Lyon ilikozaliwa karne ya 19. Mwalimu anataja neno, anagonga meza, wote wanaandika. Anagonga tena, ardwazi zote zinapanda juu kwa pamoja. Kwa kutupa macho mara moja anaona nani ameandika kuku na nani ameandika kuka. Huku kwetu njia hii hutumiwa zaidi kwenye hesabu. Kwenye kusoma na kuandika inafaa vilevile, na ina faida moja ya Butembo hasa: mvua kubwa ikipiga mabati, hakuna anayesikia kitu, lakini ardwazi haihitaji sauti. Mwalimu anaonyesha, watoto wanaandika, somo linaendelea mpaka mvua ichoke.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi wanalikosea kwa nia njema. Kiswahili cha vitabu kinasema: watoto wanakuja shuleni. Mtoto wa Beni anasema: batoto banakuya ku masomo. Sasa mpe asome sentensi ya kitabu. Anaona w, anaona a, anasoma "batoto". Mwalimu anapiga fimbo mezani: kosa! Lakini tafakari alichokifanya mtoto huyo. Ameona neno, ametambua maana yake, akalisema kama linavyosemwa nyumbani. Anayeimba ubao kamwe hafanyi kosa la namna hiyo, kwa sababu kosa hilo linahitaji kuelewa. Linalotakiwa ni kumwambia: "Ndiyo, ni batoto. Kitabu kinaandika wa. Tazama tena herufi ya kwanza." Anajifunza mambo mawili kwa mara moja, wala haondoki akidhani kwamba lugha ya mdomo wake ni uchafu wa kufutwa na kitambaa cha ubao.

Na sasa lazima niseme juu ya siku zinazokatika, kwa kuwa huku kupanga somo la juma zima ni kuweka tumaini kwenye barabara usiyojua kama iko wazi. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya waasi wa ADF yamewafukuza watu wa vijiji vya Beni tena na tena. Agosti 1, 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, ikafika Beni mjini, ikafika Butembo na Katwa, na hadi ilipotangazwa kwisha Juni 25, 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Kabla haijaisha, Machi 2020, shule zote za nchi zilifungwa kwa Korona. Aprili 2021 wanafunzi wa Beni waliondoka madarasani wakaenda kulala nje ya ofisi ya meya zaidi ya juma moja, wakidai usalama. Mei ilipoanza, jimbo likawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Juni 2024 Kanyabayonga ilichukuliwa na waasi wa M23, na familia zikapanda kuelekea Lubero na Butembo na vyungu vichwani.

Mtoto aliyekulia katika hayo hawezi kufundishwa kwa somo linalokamilika Ijumaa. Huenda Ijumaa hayupo. Kwa hiyo kila asubuhi inabidi imalize kitu: silabi moja ifike mahali ambapo mtoto anaweza kuondoka nayo. Akihama kwenda Oicha, au akitoka Oicha kuja Mulekera, hana kitabu, pengine hana hata kaye, lakini ka na mu zimo kichwani, na mwalimu mpya anaweza kuanzia hapo kwa dakika moja na ardwazi. Watafiti waliofuatilia mradi wa shirika la IRC katika shule za mashariki mwa Kongo, kati ya 2010 na 2014, waliona kwamba masomo ya kusoma yaliyofungamana na darasa lenye utulivu na upole yaliwasaidia watoto kuelewa wanachosoma. Walimu wa Beni hawakuhitaji kuambiwa kuhusu upole. Mtoto aliyekimbia usiku hashiki herufi kwa kofi.

Miradi ina faida yake, na sisemi hivyo kwa kushukuru tu. ACCELERE, iliyogharimiwa na Marekani na Uingereza kuanzia 2015, ilileta vitabu vya kusomea kwa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo. Kenya ilisambaza mpango wa kusoma wa Tusome nchi nzima mwaka huohuo wa 2015, baada ya kuijaribu: kitabu kimoja kwa kila mtoto badala ya kimoja kwa dawati, mwongozo unaomwambia mwalimu somo la kila siku, na mtu anayemtembelea darasani kumsikiliza na kumshauri. Kati ya hayo matatu, la tatu ndilo linaloweza kubaki mradi ukiondoka. Na miradi inaondoka. Julai 2025 USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa. Katika shule zetu walimu wana desturi ya kukutana wao kwa wao, mmoja akafundisha somo la mfano, wenzake wakalijadili. Mara nyingi muda huo unaliwa na kukagua fishi za maandalizi na majarida ya darasa kabla inspekta hajafika. Ningependa nusu saa moja tu ya mkutano huo iende kwa swali hili: wiki hii nani alikwama, na alikwama kwenye silabi gani? Kila mmoja aje na mistari yake. Fishi nzuri inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kumsikia mtoto hata mmoja akisoma.

Mwalimu wangu alikuwa D6, amehitimu sekondari upande wa ualimu kama walimu wengi wa msingi, na sidhani kama kuna aliyemfundisha zile safu sita. Alizibuni kwa sababu alitaka kujua. Jumatano baada ya Jumatano mistari yangu ikawa miwili, ikawa mmoja. Mb ilinisumbua muda mrefu, ile ya Vulamba na ya Mbusa. Aliiandika kando ya jina langu mara nne. Mara ya tano akaweka nukta, akasema niende kucheza.

Kabla ya Pasaka ilikuja barua nyingine ya shangazi. Mama aliiweka mezani kwanza, akaiacha hapo hadi tulipomaliza kula, nami nilijua anafikiria kuipeleka kwa jirani. Kisha akaisogeza upande wangu. Nilisoma kwa kidole. Ilinichukua muda mrefu, na mama hakunihimiza. Shangazi hakuandika Kinande, ingawa nyumbani yeye na mama walizungumza hicho tu; aliandika Kiswahili, kwa sababu ndicho shule ilichomfundisha kuandika. Lakini alikiandika kama alivyokisema. Katikati ya ukurasa nilikuta b-a, t-o, t-o. Nikasimama. Sikuwahi kuliona neno hilo limeandikwa hivyo popote, si ubaoni wala kitabuni.

"Batoto," nikasoma, "banakusalimia."

Mama akacheka, akasema huyo ni yeye kabisa, endelea.